Pale Ufagio Unapokoma

Nyumba nyingi za Morogoro huamka kwa sauti ya ufagio wa chelewa. Chai haijachemka, uwanja umeshafagiwa, mistari imelala sawasawa kwenye vumbi, na majani ya mwembe yamerundikwa pembeni yakingoja kiberiti. Ni ustaarabu tuliolelewa nao, nami siusemi vibaya: uwanja uliofagiwa humkaribisha mgeni na kumnyima nyoka maficho karibu na mlango. Ninachotaka kukisifu hapa ni ufundi wa yule anayejua ufagio wake ukome wapi.

Ufundi huo nimeuona kwa bibi mmoja jirani yangu wa Bigwa, pale mji unapogusa mlima. Mbele ya nyumba yake pamefagiwa kama kwa wengine wote. Zunguka nyuma ya jiko, hatua chache kutoka ukutani ili mchwa wasipate njia ya kuingia ndani, ufagio unaishia hapo. Kuanzia hapo ni matandazo: majani ya mwembe, maganda ya maharage, majani makavu ya mgomba. Matembele yametambaa chini, mnavu na nyanya chungu zimesimama katikati, mipapai juu yake, na migomba imepewa nafasi yake pale maji ya bafuni yanapotokea. Nilipofika mara ya kwanza nilijitolea kumsaidia kufagia huko nyuma.

“Shikamoo bibi. Nikusafishie na huku?”

“Marahaba, mjukuu wangu. Ukiyaondoa hayo, masika itauondoa udongo.”

Anayeishi chini ya milima ya Uluguru anaelewa maneno hayo bila kufafanuliwa. Watu husema Morogoro ni mji kasoro bahari, ila maji yenyewe tunayo, na yanatoka juu. Mji uko mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari; kilele cha Lupanga, kinachotutazama, kina mita 2,138. Mvua za Machi hadi Mei zikishika huko, vijito hugeuka rangi ya matofali kwa siku moja. Rangi hiyo ni mashamba ya watu yanayosafiri. Vijito vya Bigwa huingia mto Ngerengere, Ngerengere huingia mto Ruvu, na Ruvu ndio unaonywesha Dar es Salaam. Jani kavu lililolala juu ya udongo hulipokea tone kabla halijaupiga udongo, na maji huingia ardhini polepole badala ya kukimbia. Basi hiyo ndiyo kazi ya takataka za bibi.

Na yale yanayozidi hayachomi. Wajukuu wanatumwa na toroli kukusanya hata majani ya majirani, yote yaende kwenye mboji chini ya mparachichi: tabaka la majani makavu, tabaka la majani mabichi, samadi ya mbuzi, majivu kiganja, maji, kisha yanarudiwa tena. Katikati ya rundo amechomeka fimbo hadi chini. Kila baada ya siku kadhaa anaichomoa na kuishika kwa kiganja, tena taratibu, kama anayepima homa ya mtoto. Ikitoka ya moto na yenye unyevu, rundo linafanya kazi. Ikitoka kavu, yenye ukungu mweupe, anamwagia maji. Ikitoka baridi inanuka, ni wakati wa kugeuza. Nimemwona akiamua yote hayo bila kusema neno, na naamini ujuzi wa namna hiyo unastahili heshima ileile tunayompa fundi seremala au mshonaji.

Kuna jambo jingine ambalo ufagio wake hauligusi, nalo ni utando wa buibui chini ya bati la nyuma. Msimu uliopita niliona sababu. Chozi jike, ndege mdogo sana, alikuwa akija kwenye ule utando, anasimama hewani kwa kupiga mabawa, anachomoa uzi, anaondoka nao. Alikuwa akifuma kiota kwenye tawi la mkomamanga: kifuko kinachoning’inia, mlango ubavuni, nyasi na vipande vya majani makavu vikiwa vimefungwa pamoja kwa uzi huohuo wa buibui. Dume, anayeng’aa rangi, hakushika kazi hata kidogo. Alikuwa juu ya ua la mgomba akinywa utamu wake. Utando ungefagiliwa mbali, huyo mama angehangaika kutafuta pa kupata uzi wake. Na yeye huwalisha makinda wake wadudu, hao hao wanaotoboa mnavu.

Panda mlima ukakute ndugu yake, chozi wa Loveridge, ambaye duniani kote haishi kwingine ila Uluguru. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, na misitu yake imekaa peke yake muda mrefu kiasi kwamba viumbe vyake vimekuwa na desturi zao. Wako vinyonga ambao dume lina pembe tatu usoni. Wako vyura wadogo wasiotaga mayai kwenye maji: jike hubeba watoto tumboni na kuwazaa wakiwa vyura kamili, ili bwawa lisihitajike, mradi pawe na unyevu na majani yaliyooza chini. Msitu huo ulitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008. Nikiyafikiria majani hayo yaliyooza, bustani ya Bigwa naiona kuwa ya ukoo mmoja na msitu. Msitu wenyewe haujawahi kufagiwa.

Ufundi huu lakini haulazimishwi. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru na kuwaamuru wananchi kuchimba matuta ya ngazi. Nia ya kuzuia mmomonyoko ilikuwa na maana; namna yake haikuwa nayo. Kwenye udongo mwembamba wa miteremko mingi, kuchimba ngazi kulifukia udongo wenye rutuba na kuacha juu ule mgumu wa chini, na kazi ikawaelemea zaidi wanawake. Mwaka 1955 watu wa Matombo walikataa, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa. Na bado upande wa Mgeta, wanakolima kabichi na karoti, matuta ya ngazi yapo mpaka leo, kwa kuwa huko yalilipa. Mkulima huiga kilichoota kwa jirani. Ndivyo shirika la SAT hapa Morogoro linavyofundisha kilimo hai: mkulima anaonyeshwa kitalu, anashika udongo, anaamua mwenyewe.

Watu wa Kinole, huko Uluguru, wanaujua ufundi huu kuliko sisi wa mjini. Huko pilipili manga inapanda juu ya mfenesi, mdalasini na mkarafuu vinakaa jirani, migomba chini yake, na mgeni anaweza kupita akidhani ni pori.

Bibi wa Bigwa hana eneo la kufanya hayo, ila kanuni ya kujua pa kukomea anaifuata. Mapapai ya chini anayachuma yakianza tu kugeuka rangi na kuyavundika. Ya juu kabisa hayagusi. Usiku komba huja kuyala, asubuhi shore humalizia, na anayesikia kelele zao anajua papai limeiva. Nilimuuliza kama haoni hasara. Akaniongoza hadi kwenye uzio wa michongoma, ambako pilipili kichaa zimeota kila baada ya hatua mbili tatu, nyekundu tupu. Hakuna aliyezipanda, akasema. Shore walizidondosha wakiwa wametua hapo. Jumamosi huzifunga mafungu na kumpa mjukuu azipeleke sokoni.