Pongezi kwa Riwaki za Azhar
Miongoni mwa hisani ambazo Msikiti wa Azhar, uliojengwa Kairo katika karne ya 10, umewafanyia wanafunzi wa kigeni, niitukuzayo zaidi ni riwaki, yale makao yaliyotengwa kwa watu wa Shamu, wa Maghribi, na hata Wajabarti wa Uhabeshi, ambako mgeni alipata mgao wa mkate na, jambo lililo azizi kuliko mkate, sahibu wa kula naye. Masheikh hufundisha fikihi. Lakini upweke wa ghurba huondolewa na mwenzio anayemega mkate ule ule, akauchovya pamoja nawe katika bakuli moja la maharagwe yenye mafuta na ndimu, huku mkibishana juu ya nahau hata adhana ya alasiri ikawakuta papo hapo. Heko kwa walioweka wakfu mali zao kwa ajili ya mkate huo!