Walivyompima Tumbili kwa Mlio wa Kwezi

Katika mbuga ya Amboseli nchini Kenya, tumbili akimwona chui hutoa mlio unaowakimbiza wenzake mitini. Akiona tai hutoa mwingine, nao hutazama angani au kujitosa kichakani. Mlio wa tatu ni wa nyoka: kundi husimama kwa miguu ya nyuma na kukagua nyasi. Thomas Struhsaker aliieleza milio hiyo mwaka 1967, lakini swali gumu likabaki. Je, wanaokimbia wanauelewa mlio, au nao wamemwona chui kwa macho yao?

Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walilijibu kwa kumwondoa chui. Walirekodi milio halisi, wakaficha kipaza sauti kichakani, wakaanza kupiga filamu, kisha wakacheza sauti. Adui hakuwepo, mlio tu. Hata hivyo tumbili walikimbilia miti kwa mlio wa chui, wakatazama juu kwa ule wa tai na chini kwa ule wa nyoka. Umahiri wa jaribio uko katika jambo dogo: urefu na ukubwa wa sauti ulibadilishwa makusudi, isije ikadaiwa kwamba wanyama hao hupima tu kiwango cha hofu ya mwenzao. Mwitikio haukubadilika sana. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 1980.

Kisha akaja kwezi.

Ndege huyu mwimbaji, mwenye mgongo wa buluu unaong'aa, tumbo la rangi ya kutu na jicho jeupe, huokota wadudu ardhini katika mbuga hiyohiyo. Ana milio yake ya hatari: mkwaruzo mkali kwa adui wa ardhini, na sauti safi isiyokwaruza kwa ndege mwindaji. Masikioni haifanani na ya tumbili. Cheney na Seyfarth walipoicheza, mkwaruzo uliwapeleka tumbili mitini, na ile sauti safi ikawainua macho angani.

Jaribio hili la pili lina uzito wa pekee. Mwitikio kwa mlio wa tumbili mwenzake unaweza kudhaniwa kuwa wa kuzaliwa nao. Kwa lugha ya ndege, dhana hiyo haisimami kirahisi. Mwaka 1988 Marc Hauser aliwageukia watoto wa tumbili, naye akakuta kwamba wale wanaokulia mahali ambapo kwezi hupiga kelele za hatari mara nyingi zaidi huanza kuziitikia wakiwa wadogo kuliko wenzao.