Kitanda cha Mgeni, Mississippi 1964

Waswahili tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mississippi, mwaka 1964, mgeni alipobisha hodi mwenyeji alihesabu uwezekano wa kuchomewa nyumba. Kampeni ya Kiangazi cha Uhuru, iliyolenga kuwaandikisha Weusi kupiga kura, ilileta vijana karibu 1,000, wengi wao wanafunzi Weupe kutoka kaskazini mwa Marekani. Vitabu vinasimulia kwa kirefu walivyofundisha na kuandamana. Mimi nataka kujua walilala wapi.

Wengi walilala majumbani mwa Weusi, na siri ya mpango mzima ilikuwa katika kuchagua majumba hayo. Chumba cha ziada kilikuwa jambo dogo. Jambo kubwa ni nani anamlisha mwenye nyumba. Mfanyakazi wa shambani Fannie Lou Hamer alikwenda kujiandikisha kupiga kura Agosti 1962, na siku hiyohiyo akatimuliwa kwenye shamba alilolitumikia miaka 18. Familia iliyolima kwa kugawana mavuno na tajiri iliishi katika nyumba ya tajiri. Mgeni mmoja angetosha kuwatoa wote nje na vyombo vyao.

Kwa hiyo nguzo zilikuwa watu kama Amzie Moore wa mji wa Cleveland, Mississippi, mfanyakazi wa posta, ambaye mshahara wake ulitoka serikali kuu. Na kijiji cha Mileston, ambako wakulima Weusi walikuwa wamenunua mashamba kupitia mpango wa serikali kuu tangu miaka ya 1940. Mwenye hati yake mkononi hatishiwi kufukuzwa. Anaweza kupigwa bomu, naam, lakini hafukuzwi.

Huko Mileston ndiko alikokuwa Hartman Turnbow. Mei 1963 nyumba yake ilirushiwa mabomu ya petroli. Akatoka na bunduki, akajibu risasi kwa risasi. Halafu polisi wakamkamata yeye, eti kajichomea nyumba! Hapa ndipo mpango unaponivutia zaidi: kijana aliyefundishwa kutorudisha kofi alilala usingizi kwa sababu mzee wa nyumba alikesha na bunduki magotini. Waandaaji walilijua hilo. Hawakumkataza mtu kulinda mlango wake, na nadhani walifanya vyema.

Kwa wageni kulikuwa na masharti ya usiku: lala vyumba vya nyuma, mbali na barabara, usisimame mlangoni taa ikiwa mgongoni, hakikisha taa ya ndani ya gari haiwaki unaposhuka. Juu ya yote, simu. Ukisafiri, taja saa ya kurudi, na ukichelewa wenzako waanze kupiga simu, jela baada ya jela. Juni 21, wanaharakati watatu, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, walitarajiwa kurudi mjini Meridian saa kumi jioni. Hawakutokea, na msako wa simu ukaanza jioni hiyohiyo. Haukuwaokoa. Miili yao ilipatikana Agosti 4.

Kiangazi kilipokwisha, wanafunzi wengi walirudi vyuoni. Wenyeji hawakuwa na pa kurudi. Aylene Quin wa McComb, mama mwenye mgahawa aliyekuwa akiwalisha wanaharakati tangu 1961, nyumba yake ililipuliwa kwa bomu Septemba 20.