Mtu na Mashine: Jinsi Insha za GMAT Zilivyosahihishwa

Februari 1999, GMAT, mtihani wa wanaoomba kusomea shahada za uzamili za biashara, ulianza kutumia programu ya kompyuta kusahihisha insha. Insha ziliingia katika mtihani huo Oktoba 1994, na kila moja ilisomwa na watu wawili. Mwaka 1997 watahiniwa walihamia kwenye kompyuta, hivyo majibu yakawa yanafika yameshachapwa. Ndipo ETS, taasisi iliyoendesha mtihani huo, ikabakiza msahihishaji mmoja, na nafasi ya wa pili ikachukuliwa na programu yake, e-rater.

e-rater haikuelewa ilichosoma. Kwa kila swali ilipewa kwanza insha nyingi zilizokwisha kusahihishwa na watu, ikajifunza zilivyotofautiana kutoka alama moja hadi nyingine. Ilichunguza vinavyohesabika: miundo ya sentensi, viunganishi vinavyoonyesha hoja inapoanza na inapogeuka, na msamiati unaoendana na mada. Kutokana na hayo ilikisia alama ambayo mtu angetoa.

Udhaifu wake ulijulikana mapema. ETS yenyewe iliwaalika wataalamu wajaribu kuihadaa. Profesa mmoja aliandika aya chache, akazirudia tena na tena. Mashine ikampa alama ya juu kabisa.

Kinga ilikuwa katika utaratibu. Alama za mtu na za mashine zikipishana kwa zaidi ya moja, insha ilipelekwa kwa msahihishaji mwingine. Ujanja kama wa yule profesa ungenaswa hapo. Lakini kanuni hiyo ilinasa tofauti kubwa tu. Mwandishi mwenye hoja nzito aliyeijenga kwa njia isiyozoeleka angeweza kupunjwa nusu alama na mashine, na tofauti hiyo isimshtue yeyote.

Mwaka 2006 programu nyingine, IntelliMetric, ilirithi kazi ya e-rater. Juni 2012 insha mbili zikapunguzwa hadi moja, na toleo jipya la mwishoni mwa 2023 likaja bila insha kabisa.

Kwa miaka yote hiyo, mashine iliokoa muda wa msomaji wa pili. Uadilifu wa alama uliendelea kumtegemea binadamu. Baraza lolote la mitihani linalofikiria kusahihisha insha kwa kompyuta lianze kwa kutenga fedha za msahihishaji wa ziada, ndipo linunue programu.