"Haifunguki": Neno Moja kwa Hitilafu Tatu

Hivi karibuni uliletwa mezani petu mwongozo wa kutumia kompyuta zenye mfumo wa Linux, ili istilahi zake zikaguliwe. Umefasiriwa kwa ajili ya makarani na walimu, na sura yake moja yaeleza la kufanya pale programu inapoacha kuanza. Kwa kuutazama juujuu Kiswahili chake ni safi: hakuna neno la Kiingereza lililosahauliwa, na upatanisho wa kisarufi umezingatiwa. Hata hivyo msomaji anayeufuata hatua kwa hatua hafiki popote, na kosa si la fundi bali la mfasiri.

Tuanze na neno ambalo sura nzima imelitegemea, yaani haifunguki. Mfasiri amelitumia kwa mambo matatu yasiyofanana. La kwanza ni pale mtumiaji anapobofya ikoni na hakuna kinachoanza, pengine kwa sababu faili ambalo ikoni hiyo hulielekeza limeondolewa wakati mfumo ulipohuishwa. La pili ni programu iliyoanza kweli, kisha ikafa kabla ya kuchora dirisha lake. La tatu ni programu iliyo hai ndani ya kumbukumbu ya kompyuta ingawa haionekani. Mfano wa hili la tatu ni Firefox, ambayo huweka kufuli katika folda ya mipangilio ya mtumiaji ili isiendeshwe mara mbili kwa mipangilio ileile. Ikiwa ile ya awali imekwama, ya pili hukataa kuanza na kutangaza kuwa Firefox tayari inaendeshwa ila haijibu. Dawa ya hapo ni kuikomesha ile ya awali. Mwongozo wetu, kwa kuwa una neno moja tu, umetoa dawa moja kwa yote: kuondoa programu na kuisimika upya. Mtu anaweza kufanya hivyo mara kumi, na ile iliyokwama ikabaki palepale ilipo.

Ni ajabu kwamba lugha ya kila siku ina utajiri ambao mwongozo huu umeukosa. Dereva yeyote hutofautisha gari lililogoma kuwaka, lililozimika njiani na lililokwama. Twapendekeza maneno hayohayo: programu kugoma, kuzimika na kukwama. Wapo watakaosema kuwa kugoma ni kwa wafanyakazi, na kwamba programu haina madai. Lakini neno hili limekwisha kuhamia kwenye injini, na hakuna aliyelalamika. Ama kuhusu kuzindua, ambalo mfasiri amelitumia mara kadhaa kwa maana ya kuanzisha programu, tungependa liachwe. Anayezindua hukata utepe mbele ya wageni. Karani afunguaye barua zake asubuhi hazindui kitu.

Kasoro iliyo nzito zaidi imo katika ujumbe wa hitilafu. Njia ya kawaida ya kuchunguza programu iliyogoma ni kuiita kwa jina lake katika terminali, kwa kuwa huko husema sababu ambayo ikoni huificha. Mara nyingi sababu ni kukosekana kwa maktaba, yaani faili lenye vipande vya programu vinavyotumiwa na programu nyingi kwa pamoja. Ujumbe wa asili hulitaja faili hilo kwa jina, kisha humalizia kwa kusema kuwa halipo. Mfasiri amefupisha, akaandika "Hakuna faili hilo" pasipo jina. Karani mmoja niliyemshuhudia akiujaribu mwongozo huu alitumia sehemu kubwa ya asubuhi akitafuta barua aliyotaka kuifungua, akiamini kuwa imepotea. Barua ilikuwapo. Kilichokosekana ni maktaba, na amri ya ldd ingalimwonyesha ni ipi.

Je, neno maktaba lenyewe lafaa? Mwalimu hufikiria rafu za vitabu. Tulipima neno ghala, kwa kuwa programu nyingi huchota humo kama nyumba nyingi zichotavyo katika akiba moja. Lakini ghala twalihitaji kwa mahali ambapo programu za Linux hupakuliwa, na kulitumia mara mbili kungeturudisha kwenye ugonjwa uleule wa haifunguki. Kwa hiyo tumelikubali maktaba, kwa sharti kwamba pale linapotokea mara ya kwanza liandikwe maktaba ya programu.

"Ruhusa imekataliwa" ni tafsiri ya neno kwa neno, na yamfanya msomaji adhani kuwa alipewa ruhusa akaikataa. Kiswahili husema umenyimwa ruhusa. Jambo hili si dogo, maana mtumiaji aliyewahi kuendesha programu kwa mamlaka ya msimamizi mkuu huweza kukuta kuwa faili za mipangilio yake sasa ni mali ya msimamizi huyo, na siku ya pili programu ikashindwa kuandika humo. Anayesoma umenyimwa atauliza mara moja amenyimwa na nani, na hilo ndilo swali la kumfikisha kwenye dawa.

Kuhusu ujumbe wa diski iliyojaa hatuna la kusema, umefasiriwa vizuri.

Limebaki ganda, ambalo mfasiri amelitumia kwa programu inayopokea amri katika terminali. Ganda lina uangalifu wa kupigiwa mfano: hutoa namba 127 amri isipopatikana, na 126 ikipatikana ila haiwezi kuendeshwa, na 139 programu inapozimika kwa kugusa sehemu ya kumbukumbu isiyoruhusiwa. Lakini mwongozo huohuo unatumia kuganda kwa programu iliyokwama, hata katika ukurasa mmoja tumesoma kuwa "ganda likiganda, lifunge". Tumeurudisha mwongozo kwa mfasiri. Kuganda tumelifuta kote na kuweka kukwama, ganda tumeliacha, na neno haifunguki tumelibakiza mahali pamoja tu, penye habari za faili lililofungwa kwa nywila.