Majina Yafananayo katika Nchi ya Meru

Twasikia mara kwa mara ikisemwa kwamba Wameru wakaao chini ya mlima wa Arusha na Wameru wa Kenya ni kabila moja lililogawanyika, na hoja yenyewe ni hii tu: jina laandikwa sawasawa. Hoja hiyo twaikataa. Kimeru cha Kenya ni ndugu wa Kikuyu. Kimeru cha Nkoaranga na Akeri ni ndugu wa Kichaga, na wenyewe hukiita Kirwa. Kama herufi nne zatosha kuwa ushahidi, basi yatupasa kuwaongeza na Wahindi, maana katika Kisanskriti Meru ni mlima ulio katikati ya dunia!

Jambo hili si mchezo wa wataalamu. Mchungaji wa Arusha aweza kuagiza Biblia kwa kuwa jaladani pameandikwa Kimeru, na kumbe ni Kimeru cha Kenya. Akiisoma kanisani, wazee watamtazama tu.

Kosa jingine ni kulitafutia jina la kigeni maana ya Kiswahili. Mtu wa pwani husoma Arusha kana kwamba kuna mtu arusha kitu, kumbe ni jina la watu, ambao kwa Kimasai huitwa Ilarusa. Ngarenanyuki, kaskazini ya Mlima Meru, hufasiriwa kwa “na nyuki”, na kwa kuwa nyuki hawakosi porini, uongo huu wadumu. Jina hilo nalo ni la Kimasai: enkare ni maji, nanyokie ni mekundu. Mwalimu aandikaye nyuki ubaoni awafuta Wamasai katika habari za nchi, tena nchi iliyogombewa sana. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa Wameru huko kwa nguvu, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alilipeleka shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa, New York. Katika maandishi ya shauri lile twaona Engare Nanyuki, yaani tahajia iliyo karibu zaidi na kinywa cha Mmasai.

Walakini, tusikatae kila mfanano. Ngare Nairobi, magharibi ya Kilimanjaro, na Nairobi, mji mkuu wa Kenya, ni neno moja kweli, maji baridi, kwa kuwa Wamasai ndio walioyapa majina maji ya pande zote mbili. Wabishanao ni upande upi uliokopa jina kwa mwenzake hawana cha kubishania.