Batli Isiyosomwa: Uhakiki wa Mapokeo ya Kusoma Matukio ya Mfumo Endeshi kwa Skripti, kwa Kurejelea Kyebando, Kampala

Ikisiri

Mfumo endeshi huandika wenyewe habari za kila siku za kompyuta: nani ameingia, programu gani imeanguka, umeme ulikatika lini. Makala hii inahakiki namna batli hiyo inavyofundishwa kusomwa na kusimamiwa kwa lugha ya skripti, hasa PowerShell katika Windows. Hoja kuu ni kwamba mapokeo hayo yalizaliwa katika ofisi zenye seva, umeme wa uhakika na idara ya kompyuta. Yanapohamishiwa mtaani bila kuhakikiwa, hukuza yasiyo na madhara na kuficha yenye madhara. Athari zake zinaonyeshwa katika ngazi nne: istilahi, uzito wa tukio, wakati na ufutaji.

1. Utangulizi

Kyebando ni mtaa wa Divisheni ya Kawempe, kaskazini mwa Kampala, jirani na barabara ya mchepuko ya Northern Bypass. Katika maduka ya kuchapa na kunakili, zahanati ndogo, shule binafsi na vyama vya kuweka na kukopa vya mitaa ya namna hii, kompyuta moja hutumiwa na watu wengi, na mara nyingi hakuna mtu aliyeajiriwa kuitunza. Hata hivyo, sheria haiiachi kompyuta hiyo nje. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 imefanya kuingia katika kompyuta bila idhini kuwa kosa la jinai, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka mwenye kukusanya taarifa za watu azilinde na atoe taarifa kwa mamlaka zinapovuja. Anayeshtakiwa kwa kuingia bila idhini na anayedaiwa kushindwa kulinda taarifa, wote wawili watahitaji shahidi mmoja, nayo ni batli. Kwa hiyo swali la jinsi ya kuisoma ni swali la haki, si la mafundi peke yao.

2. Istilahi: kumbukumbu ipi imejaa?

Kiswahili kina neno la kale kwa jambo hili. Nahodha huandika habari za safari katika batli: upepo, mwendo, bandari na ajali. Neno hilo lina sifa mbili zinazohitajika hapa, yaani mfuatano wa wakati na uandishi unaofanywa wakati jambo likitokea. Maandishi mengi ya tarakilishi, hata hivyo, hutumia neno "kumbukumbu". Tatizo ni kwamba neno hilohilo hutumika kwa sehemu ya kompyuta inayoshikilia programu zinazoendeshwa, na pia kwa muhtasari wa mkutano na kwa nyaraka za kale. Mtumiaji akiambiwa "kumbukumbu imejaa", hawezi kujua kama afunge programu, anunue kifaa au ahifadhi ushahidi kabla haujafutwa. Tiba hizo tatu hazifanani, na mojawapo ikikosewa hasara yake hairudishiki. Makala hii inashikilia neno "batli" kwa sababu linamwambia msomaji afanye nini: aisome na asiipoteze.

Suala la lugha lina upande wa pili ambao miongozo huupuuza. Faili la batli la Windows halihifadhi sentensi nzima inayoonekana kwenye skrini. Huhifadhi jina la mtoaji wa tukio, namba ya tukio, wakati, na thamani kama jina la mtumiaji au anwani ya kompyuta. Sentensi hutungwa wakati wa kusoma, kwa kiolezo kilichomo katika programu iliyoandika tukio. Kwa mtazamo wa uhakiki wa matini, sentensi hiyo ni tafsiri. Matini asilia ni namba na thamani zake. Skripti inayotafuta maneno ya Kiingereza ndani ya ujumbe inasoma tafsiri badala ya asili. Ikipelekwa kwenye kompyuta yenye lugha nyingine, au isiyo na programu husika, haitapata kitu na itanyamaza. Skripti inayotafuta namba ya tukio haina udhaifu huo.

Kutokana na muundo huo, ujumbe wa batli unaweza kutolewa kwa Kiswahili bila kugusa hata herufi moja ya ushahidi. Kifurushi cha lugha ya Kiswahili kilichotolewa na Microsoft kwa matoleo kadhaa ya Windows kilitafsiri sehemu za kiolesura zinazotumiwa zaidi. Ujumbe wa batli ni uwanja ambao wanaistilahi bado wana kazi ndani yake.

3. Uzito wa tukio: nani ameupima?

Agizo la kwanza linalofundishwa karibu kila mahali ni kuchuja kwa kiwango cha uzito: onyesha hatari na makosa, acha taarifa za kawaida. Agizo hili linaonekana la busara hadi lijaribiwe mahali ambapo umeme hukatika. Kompyuta inapozimika ghafla, Windows huandika tukio namba 41 la Kernel-Power, lenye kiwango cha juu kabisa cha hatari, pamoja na tukio namba 6008, lenye kiwango cha kosa. Kwa upande mwingine, pale ukaguzi wake ulipowashwa, jaribio la kuingia lililoshindwa huandikwa kwa namba 4625, na kufutwa kwa batli ya usalama huandikwa kwa namba 1102. Matukio yote mawili hubeba kiwango cha taarifa ya kawaida.

Matokeo yake ni kinyume cha lengo. Mwenye duka atapata orodha ndefu ya kukatika kwa umeme, jambo alilolijua tangu taa zilipozimika, na hataona kwamba mtu alijaribu nywila yake mara arobaini usiku, wala kwamba kuna aliyefuta batli ili asijulikane. Kiwango cha uzito ni hukumu ya mtengenezaji wa programu kuhusu afya ya mashine. Hakipimi madhara kwa mwenye mashine. Skripti inayofaa mtaani inapaswa kuanza na maswali ya mwenye mali, yaani nani aliingia, nani alishindwa kuingia, nani alifuta na nani alibadilisha saa, kisha itafute namba zinazoyajibu.

4. Wakati: saa tatu usiku ni lini?

Ndani ya faili, wakati wa tukio huhifadhiwa kwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Kampala kwa saa tatu. Shahidi wa Kyebando, akisema kwa Kiluganda au kwa Kiswahili, huhesabu saa kuanzia machweo na mapambazuko. Akisema jambo lilitokea saa tatu usiku, saa ya ukutani ilionyesha 21:00, na matini asilia ya batli itaonyesha 18:00. Hapo kuna hesabu tatu za tukio moja. Karani anayenakili bila kueleza anatumia hesabu ipi anaweza kumweka mtu asiye na hatia mbele ya kompyuta wakati alikuwa nyumbani kwake.

Ugumu unaongezeka kwa matukio ya umeme. Matukio namba 41 na 6008 huandikwa kompyuta inapowaka tena, kwa sababu mashine iliyozimika haiwezi kuandika. Wakati ulio kwenye tukio ni wa kurudi, na katika tukio namba 6008 wakati wa kuzimika umo ndani ya ujumbe. Skripti inayopanga matukio kwa wakati wa kuandikwa tu itasema umeme ulikatika asubuhi, ilhali ulikatika jioni iliyotangulia. Vilevile, kompyuta ambayo betri ya saa yake imekwisha inaweza kuamka na tarehe ya miaka iliyopita. Mabadiliko ya saa huandikwa katika batli ya usalama kwa namba 4616, na usomaji wowote usioanza na namba hiyo hauna msingi.

5. Usimamizi au ufutaji?

Katika miongozo mingi, "kusimamia" batli humaanisha kuipunguza. Amri ya Clear-EventLog hufundishwa karibu na amri ya kusoma, kana kwamba kufagia ni sehemu ya kusoma. Kwa kawaida batli kuu za Windows hupewa ukubwa wa megabaiti 20, na zikijaa matukio ya zamani hufutwa na mapya. Mashine yenye shughuli nyingi inaweza kupoteza habari za wiki kadhaa kabla mwenye nayo hajagundua kuwa ameibiwa.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 inaitaka mahakama, inapopima uzito wa rekodi ya kielektroniki, iangalie jinsi ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na uhalisi wake ulivyolindwa. Picha ya skrini haijibu maswali hayo. Nakala kamili iliyotolewa kwa wevtutil, ikaambatanishwa na alama ya SHA-256 iliyokokotolewa kwa Get-FileHash siku hiyohiyo, inayajibu kwa kiasi kikubwa, na mistari michache ya skripti inatosha kuifanya kazi hiyo kila wiki. Hata hivyo, kuhifadhi nako kuna mpaka. Batli ina majina ya watu na nyakati zao za kazi, na sheria ya mwaka 2019 hairuhusu taarifa binafsi kuwekwa kupita muda unaohitajika. Muda wa kuhifadhi unapaswa kuamuliwa na kuandikwa mapema, usiachiwe ukubwa wa faili.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kukusanya batli zote katika seva ya mbali. Pendekezo hilo lina faida, kwani anayefuta batli ya kompyuta hawezi kufuta nakala iliyokwisha kuondoka. Lakini Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini Uganda kwa siku kadhaa. Mfumo wenye jicho moja tu lililo ng'ambo ya mtandao ungekuwa kipofu siku zote hizo. Nakala ya nyumbani haina budi kubaki.

6. Hitimisho na mapendekezo

Uhakiki huu haupingi skripti. Unapinga skripti iliyonakiliwa bila kuulizwa inamtumikia nani. Get-EventLog, inayoonekana bado katika miongozo mingi, haimo katika PowerShell kuanzia toleo la 6, na nafasi yake imechukuliwa na Get-WinEvent. Anayebadilisha jina la amri na kuacha kichujio kilekile cha uzito amebadilisha kalamu tu.

Mapendekezo ni manne. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na vyombo vya istilahi vya nchi wanachama vitenge neno "batli" kwa dhana hii na kuliacha "kumbukumbu" kwa nyingine. Pili, mafunzo ya kompyuta yafundishe kusoma kwa namba ya tukio na kwa swali la mwenye mali. Tatu, kila ripoti ya batli inayokusudiwa kufika mahakamani itaje hesabu ya saa iliyotumika. Nne, mamlaka za ulinzi wa data zitoe mwongozo mfupi wa muda wa kuhifadhi batli kwa biashara ndogo, kwa Kiswahili na kwa lugha za mahali. Bila hayo, kompyuta za mitaani zitaendelea kuandika kila siku ushahidi ambao utafutika kabla ya kupata msomaji.